UZI: Dundu wa mavi ana vidudu mwili mzima, tumemwona kwa hadubini. Ni watoto wake, wanyonyaji au abiria?

#1 Mwalimu_wa_Kahama

Habari za Jumapili wakuu. Mi nafundisha baiolojia sekondari moja huku Kahama. Ijumaa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alikuja na dundu wa mavi kwenye kopo la majarini, yule mweusi anayeviringisha kinyesi cha ng'ombe kichwa kikiwa chini miguu ya nyuma ikiwa juu. Akasema mwalimu huyu ana vidudu, tumwangalie.

Hadubini yetu ni ile ya kioo, haitumii umeme, tunaisogeza dirishani tunategemea jua. Tukamlaza dundu chali juu ya slaidi tukambana na udongo wa mfinyanzi pembeni asitoroke. Lenzi ndogo kabisa, ile ya 4, na ya juu ni ya 10, kwa hiyo jumla mara 40. Tulivyochungulia tukaona weusi mtupu, kama mlima usiku. Mtoto mmoja akaja na wazo la kuwasha tochi ya simu na kummulika dundu kutoka juu kwa ubavuni, na hapo darasa zima likanyamaza.

Kwenye maungio ya miguu, pale paja linapoingia kifuani, kuna vidudu vya rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, vinakimbia. Vinaingia chini ya gamba la bawa, vinatoka upande wa pili, vinapishana. Nilihesabu 23 nikapoteza hesabu. Afu kuna aina nyingine haitembei kabisa, ya duara, bapa, kama punje ya ufuta iliyobandikwa kwenye ukingo wa paja.

Aliyemleta akasema ni watoto wa dundu, amebeba kama nge anavyobeba wanawe mgongoni. Mwingine akasema chawa. Mi nikasema utitiri. Wakaniuliza "utitiri unakula nini kwa dundu mwalimu, mbona ni mgumu kama jiwe?" Nikakwama. Na sitaki kuwadanganya watoto, walikuwa wameshika pumzi wakingoja jibu.

Naombeni msaada, hivi ni vitu gani na vinafanya nini pale?

#2 kaka_wa_Igunga

Nimekaa pale, nasubiri wataalamu.

#3 MfugajiMeatu

Mwalimu hao ni kupe wachanga. Mi nimefuga tangu nikiwa mtoto. Kupe akianguliwa anakuwa mdogo kama nukta na ana miguu sita, wanajaa kwenye majani na kwenye mavi, chochote kinachopita wanapanda. Hesabu miguu, ikiwa sita jua ni kupe.

#4 Mwalimu_wa_Kahama

Asante mzee. Tulihesabu. Wale wanaokimbia wanakimbilia miguu sita. Ndo maana yule mwingine alisema chawa, maana chawa ni mdudu na mdudu ana sita.

#5 MaabaraTu

Mwalimu salamu. Mi ni mtu wa maabara ya hospitali, kila siku niko kwenye hadubini naangalia damu na choo, ila nyumbani naangalia wadudu kwa mapenzi tu.

Kwanza hongera kwa tochi ya juu, huyo mtoto apewe daftari jipya. Hadubini ya shule imetengenezwa kwa kitu chembamba ambacho mwanga unapita katikati, kama ganda la kitunguu. Dundu mwanga haupiti ndo maana ulikuwa weusi. Ukimulika juu unapata kama ile hadubini ya macho mawili wanayotumia watu wa wadudu. Usijaribu lenzi ya 40 kwa dundu mzima, itagonga mgongo wake kabla hujapata fokasi na utakwangua lenzi.

Pili hiyo miguu sita. Rudi uangalie tena WAKATI AMESIMAMA. Kuna utitiri wanaokaa kwenye mavi, jina lao la kitaalamu Macrocheles, wana miguu minane kama utitiri wote wakubwa, ila ile jozi ya mbele hawaitembelei. Wanainyoosha mbele wanapapasa nayo kama kipofu na fimbo. Mtu akihesabu inayokanyaga anapata sita.

#6 MfugajiMeatu

#5 sawa, lakini kupe mchanga naye ni sita kweli kweli, sio ya kupapasa. Hujanipinga bado.

#7 MaabaraTu

Sijakupinga mzee wangu, na hilo la kupe mchanga ni sahihi kabisa, anapata minane baada ya kujivua mara ya kwanza. Ila na utitiri mchanga naye ana sita. Kwa hiyo sita peke yake haisemi kitu. Angalia mdomo. Kupe hata awe mchanga ana kitu mbele kama msumeno mfupi, meno yameelekea nyuma, ndo maana ukimvuta kwa ng'ombe anang'ang'ania na ngozi.

#8 Bint_Pangani

Naomba kurekebisha kitu kidogo, kuna watu wataingia huu uzi waseme darubini. Darubini ni ya kuangalia mbali, nyota, meli, wanyama porini. Hii ya vitu vidogo ni HADUBINI. Mleta mada ameandika vizuri.

#9 kaka_wa_Igunga

Sisi tulifundishwa maikroskopu tukafaulu.

#10 Bint_Pangani

Mlifaulu kwa huruma ya msahihishaji 😂

#11 NyukiSikonge

Wakuu mi mfuga nyuki. Kwa nyuki tuna mdudu kama huyo, anaitwa varroa, huyo hata kwa macho unamwona, mwekundu wa kahawia, upana wake ni mkubwa kuliko urefu, kama kaa mdogo, milimita moja na nusu hivi. Kwa Tanzania na Kenya walithibitishwa mwaka 2009, na nyuki zetu wanajitahidi kumhimili kuliko nyuki wa wazungu. Yule sio abiria, anamla nyuki akiwa hai na anazaa ndani ya sega pamoja na mtoto wa nyuki.

Kwa hiyo nakubaliana na aliyesema wanyonyaji. Hakuna kiumbe anampanda mwenzake bure. Hapo chini ya bawa na kwenye maungio ndo ngozi laini ilipo, na mwalimu amesema ndo wanapokaa. Wanajua wanachofanya.

#12 msee_wa_Mbita

Sasa wakuu. Niko upande wa Kenya, Mbita, hapa tuko na kituo cha icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu, nyuma ya nyumba kabisa. Nilifanya kibarua huko ya kulisha mbu. Hiyo kitu ya dundu niliionaga hata kwa wale madundu wakubwa wa ndovu. Mzee mmoja wa hapo alituambia hao ni abiria wa matatu: mavi yanakauka, wenyewe hawana mabawa, kwa hivyo wanangoja dundu apae aende mavi mapya, wakifika wanashuka. Hawalipi fare lakini wakishuka wanakula mayai ya nzi, na nzi ndio mshindani wa watoto wa dundu. So ni kama wanalipa baadaye.

#13 kaka_wa_Igunga

Icipe si ndo ile ya wazungu walioanzisha miaka ya 80?

#14 msee_wa_Mbita

Zii. Ilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, mtu wa huku huku Nyanza. Hiyo usikosee tena ukiwa kwa uzi wa wadudu.

#15 kaka_wa_Igunga

Nimepokea, asante.

#16 Mwalimu_wa_Kahama

Nilikuwa darasani. Leo mchana tumemrudia dundu. MaabaraTu uko sahihi kuhusu miguu, akisimama jozi ya mbele inaonekana wazi, nyembamba kuliko mingine, inatetemeka hewani. Watoto walipiga makofi. Wale wanaokimbia wana miguu minane.

Mdomo sijauona, wanakimbia mno.

Tumepima pia. Tuliweka rula ya plastiki chini ya lenzi ya 4, duara tunaloliona lina upana wa milimita nne na nusu. Kidudu kinachukua kama robo ya duara au pungufu kidogo, kwa hiyo ni karibu milimita moja.

Kuhusu watoto wa dundu, yule mwanafunzi hajakata tamaa, anauliza tumejuaje kwamba sio.

#17 Kipanga_Moro

Mwambie huyo mwanafunzi swali lake ni zuri na jibu liko ndani ya lile donge. Dundu jike anataga yai ndani ya donge la mavi, yai linakuwa buu jeupe lililojikunja kama herufi C, linakula nyumba yake kutokea ndani, afu linageuka pupa, afu ndo dundu kamili. Dundu hapiti hatua ya kuwa kidudu cha miguu minane. Wakipata donge lililofukiwa walipasue kwa uangalifu, wataona mtoto halisi wa dundu na hawatasahau maisha yao yote.

Nge ni kweli anabeba wanawe mgongoni, kwa hiyo mfano wake ulikuwa wa maana.

#18 TzQueensland

Habari za huko nyumbani. Niko Australia mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye ranchi za ng'ombe, na huu uzi umenigusa kwa sababu madundu ninayoyaona huku mengine asili yake ni Afrika. Ng'ombe walipoletwa huku madundu wa wenyeji walikuwa wamezoea kinyesi cha kangaroo, kikavu na kidogo, mavi ya ng'ombe hawakuyaweza. Yakabaki yametapakaa malishoni, nzi wakazaliana mpaka ikawa balaa. Kuanzia miaka ya 1960 wakaanza kuagiza madundu kutoka nje, Afrika Kusini wakiwemo.

Sasa sikilizeni hii: hawakuleta dundu mzima mzima na kumwachia, waliogopa ataingia na magonjwa na vidudu, kwa hiyo mayai yalisafishwa kwa dawa kwanza. Lakini baadaye wakaleta kwa MAKUSUDI aina moja ya hao utitiri, Macrocheles peregrinus, toka Afrika Kusini, kwa sababu anakula mayai ya nzi. Kwa hiyo #12 ana hoja nzito, nchi nzima ilimfuata huyo abiria.

#19 NyukiSikonge

#18 nimekuelewa ila kuletwa kwa ajili ya nzi haina maana kwamba hamnyonyi dundu akiwa safarini. Mtu anaweza kuwa mfanyakazi mzuri shambani na njiani akawa anakula chakula cha mwenye gari.

#20 TzQueensland

Kweli, siwezi kulipinga hilo.

#21 MamaVipepeo

Jamani mmenirudisha mbali. Mi sina hadubini, nina ile ya karatasi, Foldscope, unaikunja mwenyewe kama bahasha. Ilibuniwa Stanford na Manu Prakash na mwenzake, inakuza mara 140, haivunjiki hata ukiikanyaga. Bawa la kipepeo, ule unga unaobaki kidoleni ukimshika, wekeni chini ya lenzi. Sio unga. Ni magamba, yamepangwa kama vigae vya paa, kila kimoja kina kikonyo chake na mistari mirefu juu. Nililia siku ya kwanza, nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu saa tano usiku.

Mwalimu hata kama hujapata jibu, hao watoto umewapa kitu.

#22 kaka_wa_Igunga

Hiyo ya karatasi inauzwa wapi? Naomba bei.

#23 MamaVipepeo

Mi niliagiziwa na mdogo wangu. Ila kama huna, tone la maji juu ya kamera ya simu linakuza. Sirinji, tone moja dogo tu kwenye kioo cha lenzi, geuza simu taratibu, sogelea kitu mpaka kiwe wazi. Uhakikishe simu yako haiogopi maji.

#24 AfisaUgani_Babati

Naongezea upande wa ghala maana nyie mko kwenye mavi tu. Wakulima wengi wananiletea mahindi yaliyotobolewa wanasema dumuzi, nikiweka lenzi ya mkono ya mara 10 nakuta ni fukusi. Tofauti ipo wazi kabisa: fukusi ana mkonga mbele kama tembo. Dumuzi hana mkonga, kichwa chake kimejificha chini ya kola, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatika wima kama gogo lililopigwa msumeno. Huyu alitoka Amerika ya Kati, kwetu alianzia Tabora mwishoni mwa miaka ya 70 kuingia 80, na wazee wengine bado wanamwita skania. Dawa ya unga inayomtosha fukusi kwa dumuzi inaweza isitoshe, ndo maana kumtambua ni pesa.

Lenzi ya mkono kila kijiji kingekuwa nayo tungeokoa magunia mengi. Nasema hivi kwa uchungu.

#25 MfugajiMeatu

Hilo la skania ni kweli, baba yangu alilitumia jina hilo.

Ila turudi kwenye dundu. Afisa, wewe unasemaje, kupe au sio kupe?

#26 AfisaUgani_Babati

Sio kupe mzee. Kupe mchanga anapanda juu ya jani anasubiri mnyama mwenye damu moto apite. Dundu hana damu ya kumshibisha.

#27 MfugajiMeatu

Kupe mchanga anapanda hata suruali yangu, na suruali haina damu.

#28 Bint_Pangani

😂😂 Mzee hapo umewaweza.

#29 Kipanga_Moro

Mwalimu, acha tubishane sisi, nyie fanyeni jaribio. Tafuta madundu wawili. Hesabu utitiri kwa kila mmoja. Mmoja muweke kwenye chupa yenye mavi mapya ya ng'ombe, yale yaliyoachwa wazi nzi wakataga. Mwingine muweke kwenye chupa yenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Asubuhi hesabu waliobaki mwilini. Kama ni abiria watashuka kwenye mavi. Kama ni wanyonyaji watabaki kwenye chakula chao.

#30 Mwalimu_wa_Kahama

Tunafanya. Asante sana.

#31 UsikuMwema

Wakati tunamsubiri mwalimu, mnajua dundu anaelekezwa na nyota? Kuna utafiti wa Marie Dacke na wenzake ulitoka 2013, walimvalisha dundu wa Afrika Kusini kofia ya karatasi asione juu akaanza kuzunguka ovyo, asipozibwa akaenda moja kwa moja, afu ndani ya jumba la nyota Johannesburg, lile linaloonyesha anga ya usiku darini, wakaona anafuata ule mkanda mweupe wa nyota, Njia ya Maziwa. Kitu kinachosukuma mavi kinasoma mbingu.

#32 MaabaraTu

Hiyo ni moja ya tafiti ninazozipenda sana. Na jicho lake ukiliangalia kwa ubavu lina vigae vingi vya pembe sita, limegawanyika mara mbili, sehemu inaangalia juu na sehemu inaangalia chini, katikati kuna ukingo wa gamba.

#33 MgeniDaslam

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Je ni kweli sisi wenyewe tuna utitiri kwenye kope?

#34 MaabaraTu

Kweli. Anaitwa Demodex, mrefu kama soseji, miguu minane mifupi imebanwa upande wa kichwani, anakaa kwenye tundu la unywele. Urefu wake kama sehemu tatu za kumi za milimita. Watu wazima wengi wanao na hawajui. Sio upele, usikimbilie dawa. Wa upele ni mwingine, yule anachimba njia kwenye ngozi, tunakwangua kidogo pembeni ya kidonda tunaweka tone la potasi kuyeyusha ngozi, afu tunamwona na mayai yake.

#35 MgeniDaslam

Nimejuta kuuliza, ila asante.

#36 Mwalimu_wa_Kahama

Nimerudi na majibu wakuu. Naandika kama tulivyoyaona, sijaongeza.

Chupa ya mavi: jioni utitiri wanaokimbia walikuwa 19. Asubuhi wamebaki 4.
Chupa ya karatasi: jioni 14, asubuhi 9.
Wale bapa wasiotembea: kwa dundu wa mavi 6, asubuhi 6. Wa karatasi 3, asubuhi 3.

Tulichukua kipande cha mavi ukubwa wa kunde tukakisambaza kwenye slaidi na maji kidogo. Utitiri wapo humo wanatembea. Mmoja alikuwa ameshika kitu cheupe kirefu mdomoni, anarudi nacho kinyumenyume. Mwanafunzi mmoja anasema yai la nzi, mwingine anasema mnyoo mdogo kwa sababu eti kilijikunja. Mimi nilipofika kwenye lenzi alikuwa ameshaingia chini ya jani.

#37 msee_wa_Mbita

Matatu imefika stage, watu wameshuka 😀 Nilisema.

#38 NyukiSikonge

Subiri kwanza. Dundu akiwekwa kwenye mavi anafanya nini? ANACHIMBA. Usiku mzima amepenya kwenye tope, ubavu umesuguliwa. Utitiri wanaweza kuwa wamefutwa mwilini tu. Kwenye karatasi hakuwa na pa kuchimba, ndo maana wamebaki wengi. Hamjaonyesha kwamba walishuka kwa hiari.

#39 Kipanga_Moro

Duh. Mimi ndo nilipanga hilo jaribio na hilo sikuliwaza. NyukiSikonge una haki. Ingefaa chupa ya tatu yenye udongo laini wenye unyevu usio na mavi, achimbe lakini asipate chakula. Wakifutika na humo, basi ni kuchimba.

#40 AfisaUgani_Babati

Na dundu mmoja kwa kila chupa ni wachache sana. Angalau watano watano. Afu hata kwenye karatasi watano walishuka, hawakufutwa na kitu, wala mavi hayakuwepo. Wale walishuka kwa nini?

#41 MaabaraTu

Labda walimwona dundu anadhoofika. Au unyevu.

#42 TzQueensland

Na huenda majibu yote mawili ni kweli kwa nyakati tofauti. Ulaya kuna dundu anayefukia mizoga na naye ana utitiri wake, wamechunguzwa sana. Nzi wakiwepo kwenye mzoga utitiri wanamsaidia dundu kwa kula mayai ya nzi, nzi wasipokuwepo wanageuka mzigo kwa watoto wa dundu. Mdudu yule yule. Sijui kama wa mavi huko Kahama ni hivyo hivyo.

#43 MfugajiMeatu

Haya hao wanaokimbia mimi nimekubali sio kupe. Lakini wale bapa wasiotembea? 6 jioni 6 asubuhi. Huyo ameng'ang'ania, na anayeng'ang'ania ananyonya. Hapo sirudi nyuma.

#44 MaabaraTu

Mzee hao nao wana maelezo mawili, sijui ni yapi.

Moja, kuna utitiri wachanga wanaosafiri ambao kwenye hatua hiyo hawana kabisa mdomo wa kulia, wamejibana kwa vikombe vya kunyonyea vilivyo chini ya tumbo, kama vile ndoano ya plastiki ya bafuni inavyobana kwenye kioo. Huyo hata akitaka kula hawezi.

Mbili, kuna aina ya duara ngumu kama kobe ambao wanajifunga kwa kikamba. Kikamba kinatoka sehemu ya haja, kinaganda kama gundi, kinamshikilia kwenye gamba la dundu mpaka safari iishe.

Mwalimu chukua sindano nyembamba umguse mmoja kwa ubavu. Asipotikisika kabisa ni vikombe. Akining'inia ni kamba.

#45 NyukiSikonge

Na akiwa ameingiza mdomo je? Si atatikisika pia?

#46 MaabaraTu

Ndiyo, atatikisika pia.

#47 Mwalimu_wa_Kahama

Wakuu nimetoka maabara sasa hivi. Nilikuwa na watoto wanne tu, wengine walishaenda nyumbani. Tulimtumia dundu wa karatasi.

Nilimgusa mmoja wa bapa kwa sindano ya kushonea. ALIYUMBA. Akaenda upande kama mashua iliyofungwa kwenye mti, afu akarudi mahali pake. Nilimgusa mara tatu, watoto wote wanne waliona kwa zamu. Kati yake na paja la dundu kuna kitu chembamba kinachong'aa kidogo tochi ikipita, kifupi, kama nusu ya urefu wake mwenyewe.

#48 msee_wa_Mbita

Kamba hiyo! Amefunga mkanda.

#49 MfugajiMeatu

Au mrija. Kimetoka mbele au nyuma yake?

#50 Mwalimu_wa_Kahama

Ndo tatizo mzee, yeye ni duara pande zote, miguu ameikunja ndani, sijui mbele ni wapi. Yule mwanafunzi aliyesema ni watoto wa dundu sasa anasema inaonekana kama kitovu.

#51 Bint_Pangani

Huyo mtoto mpeni sayansi jamani, haachi kufikiri.

#52 MaabaraTu

Mwalimu jaribu hivi. Mkate mmoja pamoja na kikamba kwa ncha ya wembe, muweke kwenye tone la maji kwenye slaidi, chali, funika na kioo chembamba. Huyo ni mdogo, mwanga wa chini utapita kidogo, kwa hiyo unaweza kupanda mpaka lenzi ya 10, mara 100. Tafuta mdomo kwanza, ndo utajua kamba iko upande gani. Ukiweza weka simu kwenye lenzi ya jicho upige picha, usiikuze, piga tu nyingi utupie hapa.

#53 NyukiSikonge

Na ile chupa ya udongo usisahau.

#54 Mwalimu_wa_Kahama

Chupa ya udongo tumeiweka leo, madundu watano, wanafunzi wamepewa zamu ya kuhesabu asubuhi kabla ya mchakamchaka.

Mmoja nimeshamkata, yuko kwenye tone la maji hapa mbele yangu, kamba yake imetoka nayo. Jua limeshazama, kioo hakipati mwanga, na tochi ya simu ukiiweka chini inawaka upande mmoja tu naona kivuli. Nimemfunika na kifuniko cha soda maji yasikauke. Kesho saa mbili jua linafika dirishani.